Siku ya Tatu

Shule yetu ilifungwa Ijumaa ya kwanza ya Desemba, mwaka 1997. Ilipofika saa tano asubuhi uwanja ulikuwa umejaa masanduku ya bati, magodoro yaliyofungwa kamba, na pikapu zilizokuja kuwachukua watoto wa bweni. Nilisimama barazani kwa ofisi ya walimu, nikishikana mikono na kila aliyekuja kuniaga. Wazazi walinishukuru. Wanafunzi ambao mwaka mzima walikuwa wakinikwepa njiani walinicheka usoni kwa furaha ya kuondoka. Kufikia saa tisa alasiri mlinzi alifunga lango kwa mnyororo, akapanda baiskeli yake, akaenda zake. Vumbi likatua. Nikabaki mimi, mbwa wa mpishi, na jua la Desemba.

Hapo palikuwa kaskazini mwa Namibia, si mbali na mji wa Ondangwa, karibu kilomita 700 kutoka Windhoek. Nilikuwa mwalimu wa kujitolea wa hesabu, umri wangu miaka thelathini na mmoja, mwenyeji wa kijiji kimoja cha Mpwapwa, mkoani Dodoma. Namibia ilikuwa imepata uhuru wake tarehe 21 Machi 1990, na baada ya hapo Kiingereza kikashika nafasi ya Kiafrikana katika kufundishia shuleni. Walimu wa hesabu na sayansi walikuwa haba, hasa kule kaskazini, ndipo tukachukuliwa sisi wageni kutoka kila upande wa dunia. Nilikwenda kwa mkataba wa miaka miwili, nikilipwa posho ya kula na kununua sabuni.

Nisingependa msomaji anielewe vibaya. Likizo ile nilikuwa nimeisubiri kwa hamu. Miezi kumi na moja nilikuwa nimefundisha vipindi vingi kuliko nilivyowahi kufundisha nyumbani, tena bila fimbo, maana Mahakama ya Juu ya nchi ile ilikuwa imeipiga marufuku shuleni tangu mwaka 1991. Kwangu mimi, niliyetoka mahali ambapo mwalimu na fimbo ni ndugu wa tumbo moja, hiyo ilikuwa kama kuambiwa nilime bila jembe. Nilichoka. Kila jioni nilisahihisha madaftari hadi macho yakauma, na kila nilipoyafunga nilihesabu siku zilizobaki. Niliahidi moyo wangu kwamba shule ikifungwa nitalala hadi jua liniunguze.

Jumamosi niliamka saa kumi na moja na nusu alfajiri, kama kawaida. Nilikwisha kuvaa shati na kutafuta viatu ndipo nikakumbuka. Nikarudi kitandani, usingizi haukuja. Nikafua nguo zote. Jumapili nikazifua tena zile ambazo hazikuwa chafu. Nikapanga vitabu, nikatayarisha masomo ya Januari, nikapika wali ukaniungulia. Kengele ya shule ile ilikuwa kipande cha chuma kilichoning'inia mtini. Upepo ulipokitikisa, nami nilisimama. Nikaanza kugundua jambo ambalo kengele ilikuwa ikinificha mwaka mzima: ng'ambo ya lango la shule sikuwa na mtu hata mmoja niliyemjua kwa jina.

Walimu wenzangu wenyeji walikuwa wamekwenda makwao. Wageni wenzangu wawili, Mwingereza na Mkanada, walikuwa wamekwenda kuiona bahari kule Swakopmund, na kutoka huko washuke hadi Cape Town. Walinialika kwa wema, lakini posho yangu nilikuwa nimeituma nyumbani kulipa karo ya dada yangu mdogo. Nikawaambia sipendi bahari.

Na nyumbani je? Kwenda nyumbani nilikuwa nimekufikiria tangu Septemba. Njia ya mkato kwa mtu asiye na nauli ya ndege ilikuwa kupitia Katima Mulilo, kuvuka Zambezi kwa pantoni, maana daraja lilikuwa halijajengwa (lilifunguliwa mwaka 2004), kisha Zambia yote hadi Kapiri Mposhi kupanda Tazara. Nilikwisha kupiga hesabu nikaona haziwezekani. Halafu, wiki ya mwisho ya masomo, barua ya binamu yangu ikafika, imeandikwa mwezi mzima nyuma. Mwaka ule ndio uliokuwa wa El Niño. Binamu aliandika kwamba mvua zilianza kunyesha bila adabu, barabara zinakatika, na kwamba mama hajambo ila tembe lake linavuja.

Asiyejua tembe la Kigogo hataielewa hofu yangu. Paa lake ni bapa: miti, vijiti, kisha udongo mzito uliopigwa ukashikamana. Kwa mvua za kawaida za Dodoma, ambazo huja kwa kuhesabiwa, nyumba hiyo ni baridi mchana na joto usiku, hakuna iliyo bora kuliko hiyo. Lakini mvua ikinyesha siku nyingi mfululizo, ule udongo hunywa maji hadi miti isiweze kuubeba. Tembe haliungui wala halipeperuki. Huanguka usiku, juu ya aliyelala. Mama yangu alikuwa mjane, amelala humo na kuku wake. Na ajabu ya mwaka ule ni kwamba hali ya hewa iliyozamisha kwetu ndiyo iliyokausha kusini mwa Afrika. Mimi niliangalia mbingu nyeupe isiyo na wingu, nikiomba mvua isinyeshe mahali nisipopaona, ilhali watu wote walionizunguka waliomba inyeshe.

Jioni ya Jumanne nilishindwa kukaa ndani. Nikatoka nikavuka oshana. Ndivyo wenyeji wanavyoziita mbuga zile tambarare ambazo msimu wa mvua hujaa maji ya kufika magotini, samaki wakaogelea palipokuwa njia ya mbuzi. Siku ile ilikuwa kavu, udongo umepasuka kama kisigino. Ng'ambo kulikuwa na boma la miti na mabua ya uwele, na nje yake, chini ya mti, mzee mmoja ameketi kwenye kigogo. Nikamwamkia kwa Kindonga kama nilivyofundishwa.

“Wa tokelwa po, tate?”

“Eee.”

“Nawa?”

“Eee,” akajibu, akanitazama kwa muda. Kisha, kwa Kiswahili, taratibu, kama mtu anayefungua sanduku la zamani asijue kama ufunguo utazunguka, akasema: “Ndugu Mwalimu. Karibu ukae.”

Sikukaa. Miguu ilinigoma. Kwa miezi kumi na moja sikuwa nimesikia neno la Kiswahili kutoka kinywa cha mtu mwingine. Halafu mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye paji la uso, nikainamisha kichwa, nikasema shikamoo.

“Marahaba,” akasema mzee, na macho yake yakalengalenga. “Marahaba. Toka Kongwa sijaitwa neno hilo.”

Kongwa si mbali na kwetu. Kuna mambo ambayo mtoto wa Mpwapwa wa miaka yangu huyajua bila kufundishwa, na mojawapo ni kwamba Kongwa palikuwa na kambi za wapigania uhuru, mahali pale pale Waingereza walipoacha majengo ya mradi wao wa karanga ulipowashinda mwaka 1951. Wapiganaji wa SWAPO walikuwapo, na wa nchi nyingine pia. Kutoka Kongwa ndiko walikotoka vijana waliopigana ile vita ya kwanza ya tarehe 26 Agosti 1966, ambayo Namibia huikumbuka kila mwaka. Nilikuwa na miezi michache tu wakati ule. Nilipokua, yale yalikuwa hadithi za wakubwa. Sasa hadithi ilikuwa imekaa mbele yangu, imevaa kofia ya sufi katikati ya joto.

Mzee alinisimulia kwa vipande. Alitoka kwao akiwa kijana kwenda kusini kufanya kazi za mkataba, kama walivyofanya wanaume wengi wa huko, wakigawiwa kwa mabwana wa mashamba na migodi. Akatoroka kupitia nchi ambayo leo ni Botswana, akafika Dar es Salaam, akapelekwa Kongwa mwaka 1965. Alikaa huko miaka minne. Baadaye Zambia, baadaye Angola. Alirudi mwaka 1989, wakati maelfu ya wakimbizi waliporudishwa kabla ya uchaguzi. Kiswahili chake kilikuwa kimesimama pale kilipomwacha: aliita kila mtu ndugu, na hakujua kwamba siku hizo kwetu neno hilo lilikwisha kuwapisha mabwana na waheshimiwa.

Kisha akaniuliza swali lililonifedhehesha. “Kwa nini hukuja nilipokuita?”

Nikasema sikuitwa.

“Nimemtuma mjukuu. Mara mbili. Akasema mwalimu ana kazi nyingi.”

Hapo nikakumbuka. Mjukuu mwenyewe alikuwa ametokeza mlangoni mwa boma, ndoo kichwani, akasimama aliponiona. Alikuwa mwanafunzi wangu wa darasa la tisa, msichana wa miaka kumi na mitano. Naam, mwezi wa Aprili na tena mwezi wa Julai alikuja dawatini kwangu akanong'ona kwamba babu yake angependa kuniona. Nami bila kuinua kichwa nilimjibu nina madaftari ya kusahihisha. Sikuuliza babu ni nani. Nilidhani ni mzazi mwingine anayetaka kunilalamikia alama.

Lakini hilo halikuwa kubwa. Msichana huyo nilimjua kwa jambo jingine. Alikuwa akisinzia. Kipindi cha pili, kila siku, kichwa kilimwangukia daftari. Kwa kuwa sikuruhusiwa fimbo, nilibuni adhabu zangu. Nilimsimamisha nyuma ya darasa. Siku moja nilimsimamisha vipindi viwili mfululizo, na aliposinzia wima akagonga ukuta, darasa likacheka, na mimi nikalichekea. Nilimwambia mbele ya wenzake kwamba kuna watu wamevuka nchi tatu kuja kumfundisha, naye analipa kwa usingizi.

Mzee hakulitaja. Sijui kama aliambiwa. Alimwagiza mjukuu alete oshikundu, kile kinywaji cha uwele kinachofanana na togwa, nikanywa nikiwa nimeinama. Nilipoaga akaniambia nije kesho.

Nilikwenda kesho yake. Bibi wa nyumba ile alikuwa haoni vizuri, na palikuwa na watoto sita wa umri mbalimbali. Mama yao, binti ya mzee, alifanya kazi katika kiwanda cha samaki Walvis Bay, akija mara moja kwa mwaka, Krismasi. Tulikula uji mgumu wa uwele, nao wanauita oshithima, pamoja na mboga iitwayo ombidi. Nilipoitia mdomoni nilicheka peke yangu. Ilikuwa mgagani, mboga ile ile ya kwetu, na uchungu wake ule ule. Nikamwambia mzee. Akasema, “Mimi nilicheka vile vile, Kongwa. Nikasema, kumbe hawa nao wanakula ombidi.” Uwele ni ule ule, mgagani ni ule ule. Hata mvua wao huiita omvula, na bibi yangu Mgogo aliiita mvula.

Usiku wa Alhamisi omvula ikanyesha. Haikuwa kubwa, lakini ilitosha kulainisha mchanga, na alfajiri hewa yote ilinuka udongo. Nilifika kwa mzee mapema nikidhani nitapewa kigogo changu niketi. Akanikuta langoni ameshika jembe fupi.

“Kule kwenu walinifundisha neno,” akasema. “Mgeni siku mbili; siku ya tatu mpe jembe. Jumanne, Jumatano, jana. Leo umezidisha siku moja.” Akacheka. Halafu akaacha kucheka. “Lakini wewe umekaa hapa mwaka mzima. Hawajakupa jembe hao?”

Methali hiyo nimeisikia tangu utotoni. Sote tunaitumia kuwatania wageni wasioondoka, na nilikuwa nimeichukua hivyo siku zote: kwamba ni namna ya adabu ya kumwambia mtu ukarimu umekwisha. Asubuhi ile, nikiwa nimeshika mpini wenye joto la mkono wa mzee, niliielewa kwa upande wake mwingine. Anayepewa jembe ndiye ameacha kuwa mgeni. Siku mbili za kwanza anapewa kiti, na kitini anabaki peke yake. Mimi nilikuwa nimekaa kitini miezi kumi na moja, nikijiita mtu wa kujitolea.

Basi tukalima. Punda wawili walivuta plau upande wa juu, na upande wa chini, karibu na oshana ambako maji hutuama, tuliinua matuta kwa mkono ili mbegu zisioze. Nilitoka jasho hadi nikasahau kuitazama saa. Msichana yule alikuwa kwenye tuta la pili yangu. Sasa nilijua ratiba yake, kwa maana nilipofika jua halijachomoza nilikuta kinu kimeshafanya kazi: alikuwa ameamka usiku kutwanga uwele wa siku nzima, akaenda bombani kuchota maji yale yatokayo mbali kwa mfereji wa Calueque, Angola, akawavisha wadogo. Wakati wa shule alifanya hayo yote kabla ya kutembea kuja kunisikiliza nikieleza kipeo cha pili. Kipindi cha kwanza alijikaza. Cha pili mwili ulimshinda.

Nilitafuta maneno nusu ya asubuhi. Nilipoyapata nikayasema kwa Kiingereza, bila kumwangalia: kwamba ile siku ya kumsimamisha vipindi viwili nilimwonea, na kwamba nilipaswa kuuliza kabla ya kucheka.

Alinyamaza. Akapiga jembe mara tatu, nne. Kisha akainua kidevu kuelekea tuta langu, lililokuwa limejikunja kama nyoka aliyeshiba.

“Mwalimu,” akasema, “mstari wako haukunyooka.”

Watoto wote walicheka, na hii mara nilikuwa mimi niliyesimama mbele ya darasa. Nikalivunja lile tuta nikaanza upya.

Siku zikapita hivyo, lakini usiku nilikuwa na tembe la mama kichwani. Redio ilitaja mafuriko ya Afrika Mashariki kwa sentensi mbili, kisha ikaenda kwenye michezo. Jumamosi tarehe 20 nilidandia pikapu hadi Ondangwa kupiga simu. Mji ulikuwa umefurika watu wanaotoka kusini: magari yamebeba makochi, mabati, baiskeli za watoto, kila mtu anarudi nyumbani kwa Krismasi isipokuwa mimi. Nilipanga foleni kwenye kibanda cha simu saa mbili. Namba niliyokuwa nayo ilikuwa ya mwenye duka mmoja pale Mpwapwa mjini. Nilipiga mara tatu. Mara tatu nikasikia mlio wa laini iliyokufa. Nilirudi kwa miguu sehemu ya njia ili nisikutane na mtu.

Mzee aliniona tu akajua. Nikamweleza kuhusu tembe. Alilijua, alikuwa amelala katika tembe. Akanyamaza muda mrefu, akichora mchangani kwa kijiti.

“Mama yangu alikufa mwaka 1978,” akasema. “Mimi nilikuwa Angola. Nimeambiwa mwaka 1981. Miaka mitatu nilikuwa nikimwota akiwa hai.”

Aliingia ndani akatoka na pesa zilizokunjwa ndani ya kitambaa. Nilizijua ni za nini. Wazee wa nchi ile hupewa pensheni na serikali kila mwezi, na ile ya Desemba ndiyo hununua sukari na unga wa ngano wa sikukuu. Akasema nikanunue kadi kubwa ya simu, nipige hadi ipatikane. Nikakataa. Nikamwambia mimi ni mwalimu, nina posho, nitajua la kufanya. Sauti yangu ilikuwa imepanda, kama mtu anayegombana.

“Sikiliza, Ndugu Mwalimu. Kongwa nilipata homa. Tulitoka nje ya kambi, si ruhusa, nikaanguka njiani. Mama mmoja akanitia ndani. Sikujua neno hata moja la kwake. Siku mbili akaninywesha uji wa uwele. Nilipopona nikamtafutia kitu cha kumpa, sina. Hakuniuliza nitalipa lini.” Akaniwekea zile pesa kiganjani, akakifunga kiganja changu kwa mikono yake miwili. “Sijui jina lake. Labda ni mama yako. Labda siye. Chukua.”

Hakuwa mama yangu. Mama hakuwahi kukaa Kongwa. Lakini sikulisema hilo. Nikachukua.

Jumanne tarehe 23 nilirudi Ondangwa. Nilipiga mara nyingi, nikikatiwa, nikirudi nyuma ya foleni, nikipanga upya. Saa kumi jioni simu ikaitika. Mwenye duka alikuwa akipiga kelele, na sauti yangu mwenyewe ilinirudia masikioni ikichelewa. Nilisikia mvua kwenye mabati ya duka lake. Alisema chumba cha nyuma cha tembe kimeanguka, usiku, wiki mbili zilizopita. Moyo ukasimama. Akasema mama hakuwamo. Jirani, mwanamke ambaye mama aligombana naye miaka mingi kwa sababu ya mpaka wa shamba, alikuwa amekuja jioni ile akamvuta kwa nguvu kwenda kulala kwake, kwenye nyumba ya bati. Kuku wote wamekufa. Mama yu mzima, analalamikia kuku. Nilitaka kusema nampa shikamoo, nampa salamu zote, lakini kadi ilikwisha.

Niliegemea kibanda. Kijana aliyekuwa nyuma yangu aliniuliza kwa upole kama nimemaliza.

Krismasi ilikuwa Alhamisi. Binti ya mzee alifika kutoka Walvis Bay usiku wa kuamkia sikukuu, na nyumba ikajaa harufu ya samaki na sabuni mpya. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Finland walifika sehemu zile mwaka 1870, na kanisani hakukuwa na nafasi ya kutia mguu. Watu walisimama nje madirishani. Mimi ni Mwanglikana, lakini nyimbo zile nilizijua zote kwa sauti. Waliimba kwa Kindonga, nami nikaimba kwa Kiswahili, na mzee kando yangu akachanganya. Tulipotoka, mama wa yule msichana alinishika mkono akanishukuru kwa kumfundisha mwanawe. Nilimtazama msichana. Yeye alitazama viatu vyake vipya.

Januari kile kipande cha chuma kikapigwa tena. Nisidanganye kwamba mambo yaligeuka yote. Msichana aliendelea kusinzia, maana uwele haukuacha kutaka kutwangwa. Nilimwacha alale dakika kumi, kisha nikagonga dawati lake kwa chaki, na mchana tulikaa na wenzake wachache tukarudia kilichompita. Mwaka uliofuata alifaulu hesabu, si kwa alama za kupigiwa mbiu, lakini alifaulu. Mkataba wangu ulikwisha Desemba 1998. Mzee alinisindikiza hadi barabarani akabeba begi langu dogo, akakataa kunipa.

Mzee hayupo tena duniani, na mama pia amekwisha kwenda. Alikufa mikononi mwangu, chini ya paa la bati nililomjengea, na hadi mwisho yule jirani alikuwa akija kila jioni kugombana naye. Mimi niliendelea kufundisha Dodoma hadi nikastaafu. Miaka ya mwisho tulipokea vijana wa kujitolea kutoka Ulaya na Marekani, watoto wazuri, wachapakazi, wenye haya. Desemba shule ikifungwa niliwaona wakisimama barazani na kuangalia lango, nikajua wanachokisikia. Wengi walikwenda Zanzibar au mbugani kuangalia wanyama, na sikuwazuia. Lakini kila mwaka niliwaambia kwamba shambani kwangu mvua imenyesha, na kwamba mke wangu anapika mgagani.

Wengine walicheka wakidhani ni mzaha wa mzee. Wengine walikuja, wamevaa kofia kubwa, wakapewa jembe, na mistari yao haikunyooka.